Jina la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua haijaja na mikono yangu haina kazi. Shamba limeshalimwa, mbegu ya mahindi inangoja ndani ya debe. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na minane akikosa cha kufanya huandika tarehe juu ya ukurasa, kisha hutafuta cha kuweka chini yake.

Leo kimepatikana. Asubuhi alibisha hodi mwanamke mwembamba aliyefunga shingo kwa kitambaa, na nyuma yake binti wa miaka kumi na minne. Mama anaitwa Devota. Ni Mrundi, ameishi kambi ya wakimbizi kule Kigoma miaka tisa. Ana uvimbe wa shingo, kwa hiyo amepewa kibali cha kukaa huku kwetu ili atibiwe hospitali mjini Tanga. Amefikia kwa shangazi yake, mjane wa mkata mkonge, katika zile nyumba za shamba upande wa chini wa Maramba.

"Nimeambiwa Mwalimu Laurenti ni mwenyekiti wa kamati ya shule," alisema. "Huyu Imakulata amekaa bure tangu Agosti. Ananipikia, ananiosha kitambaa. Anasahau."

"Sisahau," binti alisema kwa sauti ndogo.

Akatoa kwenye mfuko wa nailoni karatasi ya shule ya kambini. Imeandikwa Kifaransa. Hesabu: themanini na nane kwa mia.

Naeleza hali ilivyo, ili nikisoma baadaye nisijidanganye. Mtihani wa darasa la saba ni Septemba, lakini orodha ya watahiniwa inafungwa mwisho wa Mei. Asiyekuwemo hafanyi, na asiyefanya hana njia ya kwenda sekondari. Kibali cha mama ni cha miezi sita sita, na kila mara hajui kama kitarefushwa. Mwakani binti huyu anaweza kuwa popote. Mwaka wake ni huu.

Nilimwambia Devota aende akapumzike, jambo lake liko mikononi mwangu.


Jumatano, 5 Machi

Majivu kanisani. Waislamu wako katika siku za mwanzo za Ramadhani, hivyo mwaka huu tumefunga pamoja. Jirani yangu Mwanamkasi alipita na ungo wake akaniona na alama usoni.

"Mmetufuata mwaka huu, mwenzangu! Ila sisi twafunga kula, nyie mwafunga nyama. Hiyo ni saumu au ni ukata?"

Jioni alileta futari ya mihogo ya nazi. Haina nyama ndani, alisema, nile bila dhambi.


Alhamisi, 6 Machi

Kwa mwalimu mkuu, Mwalimu Hafsa. Ana mwaka wa pili hapa, ametoka pwani ya Moa, mtu wa maneno ya kupima.

"Darasani namweka hata kesho, dawati lipo," alisema. "Lakini kukaa darasani na kuwa kwenye orodha ni mambo mawili."

"Hilo nilikuwa nalijua kabla hujazaliwa, mwanangu."

"Basi lijue tena, Mwalimu. Orodha inafungwa tarehe thelathini Mei, saa kumi jioni. Nataka karatasi zinazosomana. Simkatai mtoto, naikataa karatasi yenye matata."

Mwanamke mkavu. Nilitoka nikimwonea huruma mtoto atakayekosea mbele yake.


Jumatatu, 10 Machi

Nimejaza fomu mwenyewe, hapa barazani. Hafsa alitaka imsubiri mama arudi kutoka hospitali. Nilimwambia fomu za watoto nimejaza elfu.

Fomu ina nafasi tatu za jina. Nikamweleza Imakulata: "Huku kwetu mtu ana jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Ni kama anwani, likimpotea moja linamrudisha jingine. Baba yako alikuwa nani?"

"Niyongabo. Ameshafariki."

"Na babu?"

Akatikisa kichwa.

"Hili Iradukunda lililo kwenye karatasi ya kambini ni la nani?"

"Ni langu."

"Jina lako si Imakulata?"

"Yote ni yangu."

Nikamweleza kwa upole kwamba fomu haina nafasi ya majina mawili ya mtu mmoja. Nikaandika Imakulata, nikaandika Niyongabo. Nafasi ya tatu ilibaki wazi, nami fomu yenye nafasi wazi sijapata kuipeleka mahali popote. Nikaandika Laurenti. Kwenye uhusiano wa mlezi nikaandika: babu. Katika nchi hii kila mzee ni babu wa kila mtoto, na hakuna aliyewahi kupingwa kwa hilo.

Alitazama kalamu muda mrefu. Nilidhani amefurahi.


Ijumaa, 14 Machi

Kila siku baada ya shule anakuja kwangu kwa saa moja ya hesabu. Leo nimejifunza kitu. Nilimpa swali: tafuta mzingo wa kiwanja. Hakujua. Nikamchorea kiwanja, nikapitisha kidole pembeni mwote. "Ah, hiyo!" akasema, akataja jibu kabla sijaokota kalamu. Kigawe kidogo cha shirika vile vile: anakijua kwa Kifaransa, anakijua kwa Kirundi, anakijua kichwani. Kiswahili chake kimetoka sokoni na kwenye foleni ya maji ya kambini, na huko hakuna mtu anayetaja mzingo.

Kwa hiyo hafundishwi hesabu upya. Anatafutiwa maneno. Nilifundisha miaka yote ile, na sikumbuki ni watoto wangapi niliowaandika wajinga kwa sababu hii.


Jumatano, 19 Machi

Joto. Hakuna mvua.


Jumamosi, 22 Machi

Mvua! Imeingia saa tisa alasiri kutoka upande wa Horohoro. Nimepanda mistari sita kabla haijanitoa shambani.


Jumanne, 25 Machi

Mvua. Mzazi mmoja, Mwinyijuma, alinisimamisha dukani. "Mwenyekiti, wetu wanakaa watatu dawati moja, na wageni wanaletewa nafasi?" Nilimweleza mambo ya haki ya mtoto kwa muda mrefu. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema, "Sawa, lakini dawati ni lile lile."


Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwanamkasi kaleta biriani, sahani tatu: yangu, ya Imakulata, ya mama yake. "Ya mgonjwa haina pilipili," alisema. "Ukimpa yako ataona ahera leo leo."


Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Jaribio la hesabu: Imakulata wa pili darasa zima. Kiswahili bado chini.


Jumatatu, 14 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Kivuko cha mto kimezidiwa, magari hayapiti. Devota yuko mjini hospitalini, alikwenda Alhamisi na hawezi kurudi. Mtoto yuko na yule bibi mjane. Karatasi zote za familia mama amekwenda nazo kifuani.


Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa nusu tupu kwa tope. Kivuko kimeshuka. Devota amerudi, amekonda.


Alhamisi, 24 Aprili

Siku mbaya. Naandika taratibu.

Saa nne niliitwa shuleni. Ofisini walikuwepo Hafsa na afisa elimu wa kata, Mudathir. Huyu Mudathir nilimfundisha mimi, darasa la tatu mpaka la saba. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

Hakucheka. Mezani alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa fomu yangu. Ya pili nakala ya kibali cha Devota na orodha ya familia yake, ambayo Hafsa aliiomba kwa mama mara tu aliporudi.

"Mwalimu, hapa nina Imakulata Niyongabo Laurenti, mjukuu wako. Hapa nina Iradukunda Imakulata, mtoto wa Nibigira Devota. Nani anafanya mtihani Septemba?"

"Ni mtoto mmoja, Mudathir. Yuko darasani hapo, mwite."

"Nikimwita nitaona mtoto. Wilayani hawataona mtoto, wataona karatasi, na karatasi zinasema wawili. Penye wawili, mmoja ni mamluki."

Mamluki ni mtu anayemfanyia mwenzake mtihani. Kwa mwalimu hakuna neno chafu kuliko hilo. Shule ikishukiwa, matokeo ya wote huzuiwa na mwalimu mkuu husimamishwa.

Nikaanza kueleza: kwamba babu ni heshima, kwamba fomu ina nafasi tatu, kwamba Warundi... Sikujua nimalizie nini kuhusu Warundi.

Mudathir aliuliza, "Fomu hii nani aliipokea bila kuilinganisha?"

Nilingoja Hafsa aseme kwamba mzee huyu aliniharakisha. Ingekuwa kweli tupu.

"Mimi," alisema. "Sahihi iliyo chini ni yangu."

Hakunitazama. Mvua ilikuwa ikipiga bati hata tukalazimika kupaza sauti, na mambo ya aibu hayapendezi kusemwa kwa sauti kubwa.

Mudathir akaonyesha njia mbili. Ya kwanza nyepesi: mama aandike kwamba karatasi za kambini zilikosewa, mtoto ni huyu wa fomu, mjukuu wa Laurenti, mambo yaishe leo. Ya pili ndefu: aliyejaza fomu akiri makosa kwa kiapo mahakama ya mwanzo na mbele ya kamati ya shule, na shule ya kambini ithibitishe kwa barua kwamba mwanafunzi wa jina hilo ni wao. Vyote kabla ya tarehe thelathini Mei.

"Ukitaka shauri langu, Mwalimu," alisema akinisindikiza mlangoni, "ya kwanza inalinda jina lako."


Ijumaa, 25 Aprili

Imakulata hakufika shuleni. Nikashuka kwenye nyumba za mkonge kwa miguu, mkongojo mkononi, tope mpaka kwenye vifundo. Harufu ya majani ya mkonge yaliyokamuliwa ilinipokea kabla ya watu. Ndiyo harufu ya utoto wangu. Nilizaliwa kwenye nyumba kama zile, chumba kimoja, jiko nje.

Devota alikuwa ameketi kitandani. Nikawaeleza njia ya kwanza. Niliieleza vizuri, naona haya kuandika jinsi nilivyoieleza vizuri.

Devota alisikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, mimi nina karatasi moja yenye watoto wangu watatu. Wawili wako kambini na dada yangu. Siku wakisema rudini nyumbani, au wakisema nendeni nchi nyingine, wanaita majina ya karatasi hiyo. Nikiandika kwamba Iradukunda si mwanangu, siku hiyo wataita wawili."

Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Utampa cheti," alisema, "na utaninyang'anya mtoto."

Nikamgeukia Imakulata. "Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Nilikwambia yote ni yangu."

"Ungesisitiza!"

"Babu, mtoto anamsahihisha mwalimu? Hapa mnafanya hivyo?"

Yule bibi mjane, aliyekuwa akichambua dagaa mlangoni, alicheka peke yake.

Ndipo mama akanieleza, kwa uvumilivu niliouzoea kuutoa na si kuupokea. Kwao mtoto hapewi jina la baba. Kila mtoto hupewa lake, jipya, kwa yale yaliyotokea alipozaliwa. Ndugu watatu, majina matatu. Iradukunda maana yake Mungu anatupenda. "Kabla yake nilizika wawili," alisema. "Huyu alilia usiku kucha, majirani wakalalamika, mimi nikafurahi. Ndiyo maana anaitwa hivyo."

Na mimi nililikata jina hilo kwa sababu halikuingia kwenye kisanduku.

"Rudi shule Jumatatu," nilimwambia binti.

"Kwa jina lipi?"

Nilimwambia nitashughulikia.


Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Imakulata amerudi darasani. Sikwenda mahakamani.


Jumanne, 29 Aprili

Mvua. Sikwenda.


Ijumaa, 2 Mei

Mvua ilikatika saa tano. Ningeweza kwenda. Nilitengeneza mpini wa jembe.


Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Mpini mwingine.

Ukweli ni huu. Watu wa hapa hawaniheshimu kwa shamba wala kwa nyumba. Wananiheshimu kwa sababu katika miaka thelathini na minane hakuna alama niliyoibadili wala jina nililolighushi. Wazazi hawa hawa waliwahi kuniletea mbuzi nikamrudisha na kamba yake. Sasa nisimame nikaape kwamba nimeandika uongo kwenye fomu ya serikali? Nani atatofautisha uongo wa upendo na ule mwingine? Mwinyijuma?


Jumanne, 6 Mei

Imakulata hakuja kwenye hesabu. Wala jana. Sikumtuma mtu kumwita.


Alhamisi, 8 Mei

Mwanamkasi alikuja na chai ya tangawizi, akaketi bila kukaribishwa.

"Mipini mingapi sasa?"

"Minne."

"Na majembe?"

"Moja."

Akanywa chai. "We mzee wa chaki. Marehemu mume wangu alikuwa akisema, Mwalimu Laurenti akikukuta umekosea hakuachi mpaka umejua umekosea wapi. Ulimchosha sana. Sasa nakuuliza, siku ukikosea wewe, nani anakufundisha?"

Nilimwambia mambo haya ni ya kisheria, hayajui.

"Siyajui," alikubali. "Nayajua ya mtoto. Kapita kwangu jana kaniuliza kama shuleni Maramba mtu aweza kusikiliza tu bila kuandikwa. Nikamwambia hata redio yasikilizwa."


Ijumaa, 9 Mei

Nilifungua kasha la marehemu mama nikatafuta kipande cha baba. Nitaeleza, kwa kuwa vijana hawakijui. Zamani za mkonge mfanyakazi alipewa kadi iliyoitwa kipande. Kila siku ya kazi ilitiwa alama, na siku thelathini zikitimia ndipo alihesabiwa mwezi. Wengi waliletwa kutoka mbali, kwa malori na treni, wakaitwa manamba kwa sababu waliitwa kwa namba. Baba yangu aliletwa kutoka Buha akiwa kijana, nchi inayopakana na kwao Devota.

Kadi ni ya kahawia, imeliwa na mende pembeni. Namba iko wazi. Jina: Petro Kigoma.

Petro ni la ubatizo, alilipata hapa. Kigoma si jina la mtu. Karani alimuuliza katoka wapi, akajibu, naye akajaza nafasi iliyokuwa wazi. Nimeliandika jina hilo maisha yangu yote, Laurenti Petro Kigoma, kwenye vyeti, kwenye ripoti za watoto, juu ya daftari hili. Babu yangu halisi sijui aliitwaje. Baba hakusema, nami, niliyeuliza watoto wa watu maswali maelfu, sikumuuliza.

Karani yule hakuwa mtu mbaya, nadhani. Alikuwa mtu nadhifu.


Jumatatu, 12 Mei

Nimekwenda mahakama ya mwanzo. Hakimu ni binti mdogo, akaniuliza mara mbili kama nimelazimishwa. Nimeapa. Nakala tatu.

Kutoka hapo nikapita shuleni. Hafsa alisoma kiapo akiwa amesimama, kisha akaketi.

"Barua ya shule ya kambini niliiomba tangu tarehe ishirini na tano Aprili," alisema. "Siku ile ile uliyoshuka kwenye mkonge. Nimewapigia mara tisa."

"Ulijuaje kwamba nitakuja kuapa?"

"Sikujua. Ila mtoto ana jina lake, ungekuja usingekuja."

Nimemwita mwanamke huyu mkavu kwenye ukurasa wa pili wa daftari hili. Sitaufuta. Naandika hapa kwamba nilikosea.


Ijumaa, 16 Mei

Mkutano wa kamati na wazazi, darasa la sita, watu kama hamsini, miavuli imejaa mlangoni. Nilisimama nikasoma kiapo chote. Sikueleza kitu. Ni mara ya kwanza.

Wa kwanza alikuwa Mwinyijuma: "Kwa hiyo mwenyekiti alitaka kutuingizia mamluki!"

Kelele. Mtu nyuma akasema wakimbizi watatufungishia shule, mwingine akasema hata huyo mzee baba yake alikuja na namba mgongoni. Nilimsikia vizuri. Nikasema, "Ndiyo. Namba ninayo nyumbani, anayetaka kuiona aje."

Mwanamkasi, ambaye hana mtoto shuleni na sijui nani alimwalika, akainuka. "Mwinyijuma! Mtoto wako Sabiri kafundishwa kuandika jina lake na nani?"

"Na Mwalimu Laurenti, lakini..."

"Na wewe mwenyewe?"

Watu wakaanza kucheka. Mwinyijuma naye akacheka kwa shida, akasema lakini lile la madawati linabaki. Nikasema kweli linabaki, na ana haki, liandikwe kwenye kumbukumbu. Likaandikwa.

Kisha nikakabidhi uenyekiti. Hakuna aliyenizuia. Nilidhani wangenizuia.


Jumanne, 20 Mei

Mvua. Barua haijaja.


Ijumaa, 23 Mei

Barua haijaja. Mkuu wa shule ya kambini anasema imeshaandikwa, inangoja mhuri.


Jumatatu, 26 Mei

Inangoja mhuri. Imakulata anakuja hesabu kama kawaida. Leo aliniuliza, "Babu, Kigoma ni jina la nani?" Nikamwambia ni la mkoa. Akafikiri. "Basi na sisi tulikaa ndani ya babu yako miaka tisa." Nimecheka mpaka nikakohoa.


Alhamisi, 29 Mei

Mvua kubwa. Umeme umekatika Maramba yote tangu saa mbili. Simu hazishiki. Hafsa anasema barua imepigwa mhuri jana na itatumwa kwa picha, lakini kwa simu ipi? Kesho saa kumi.


Ijumaa, 30 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa shuleni. Hafsa alikuwa ameshafika, buibui limelowa mpaka magotini. Umeme hakuna. Tukangoja. Imakulata alifagia darasa lililokwisha fagiwa.

Saa tano Hafsa akasema, "Kilimani, kwenye mnara, mtandao unashika hata umeme ukikatika." Ni mwendo wa saa moja kwa miguu ya kijana. Akavua viatu, akavishika mkononi, akaondoka peke yake. Mimi nikabaki na saa ya ukutani.

Saa sita. Saa saba. Devota alikuja, akaketi kwenye kizingiti, kitambaa shingoni. Saa saba na nusu Mudathir aliingia kwa pikipiki, amejifunika nailoni.

"Nimezunguka kata nzima, mmebaki nyie tu," alisema. "Barua?"

"Iko njiani."

"Mwalimu, mimi saa nane na nusu naondoka. Lazima nifike wilayani kabla hawajafunga. Nisamehe."

Saa nane na dakika ishirini Hafsa alitokea kwenye kona ya uwanja, tope mpaka kwenye mapaja, simu ameinua juu kama mtu anayevuka mto na mtoto. Akampa Mudathir. Tukainama wote juu ya kile kioo kidogo: Iradukunda Imakulata, mwanafunzi wetu, darasa la sita, mhuri wa zambarau.

Mudathir akatoa fomu yangu kwenye mfuko. Nilidhani angeleta mpya. "Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema. "Kosa halifutwi. Linakatwa kwa mstari mmoja, lionekane, na aliyekosea anaweka sahihi pembeni."

Nikaweka miwani. Nikakata Niyongabo kwa mstari mmoja. Nikakata Laurenti kwa mstari mmoja. Nikakata neno babu. Nikaweka sahihi mara tatu.

"Andika sasa," nilimwambia Imakulata, nikampa kalamu.

Akaandika Imakulata. Akaandika Iradukunda. Akasimama kwenye nafasi ya tatu akanitazama.

"Na hapa?" nilimuuliza Mudathir. "Hapa aandike nini?"

"Kama hana, aache. Ya tatu si lazima."

"Tangu lini?"

"Mwalimu," alisema akiifunga fomu kwenye nailoni, "haijawahi kuwa lazima."

Akawasha pikipiki. Ilikuwa saa nane na nusu kamili.

Hafsa ndipo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akiwa ameketi sakafuni na viatu vyake mapajani. Devota naye. Mimi nilikuwa wa mwisho.


Jumamosi, 31 Mei

Mudathir hapatikani kwenye simu. Hatujui kama alifika.


Jumapili, 1 Juni

Hatujui.


Jumatatu, 2 Juni

Orodha imebandikwa ubao wa shule. Watahiniwa arobaini na saba. Nimesoma kutoka juu kama mzazi yeyote, nikiwa nimesukumwa na wazazi wengine. Namba kumi na tisa: Imakulata Iradukunda. Mistari yote ina majina matatu, wake una mawili, na ubao haujaanguka.


Ijumaa, 6 Juni

Mvua imekwisha. Mahindi yamefika kifuani, yanataka palizi ya pili. Shule zimefungwa leo. Kibali cha Devota kimerefushwa mpaka Desemba. Baada ya hapo hatujui, lakini Septemba imo ndani yake.

Daftari hili limejaa, nimenunua jingine. Imakulata alikuja saa za hesabu, akaomba aniandikie jina kwenye jalada kwa mwandiko wake mzuri. Akaandika Laurenti. Akaandika Petro. Akainua kalamu.

"Na la tatu, Babu?"

"Acha wazi," nilisema.

Akaacha. Kisha tukafungua ukurasa wa mizingo.